Yoga Mgongoni kwa Shangazi

Mabandani, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai masikio hayajazidi kukusumbua, na kwamba zile cherehani mbili mpya hazipigi kelele za kiwandani. Sisi huku wazima: farasi kumi na mmoja, watu wanne, na paka mmoja asiyefanya kazi yoyote. Barua hii nampa dereva wa lori la majani kama kawaida, pamoja na suruali yangu ya kazi. Magoti yamekwisha tena.

Sasa kaa kwanza. Bosi ameleta mwalimu wa yoga. Si yoga ya mkekani, ile uliyoandikiwa na daktari ukaifanya siku tatu ukaiacha. Hii ni ya juu ya farasi. Mtu anapanda bila tandiko, chini yake blanketi na mkanda tu, farasi amesimama au anavutwa kwa kamba polepole, na huyo aliye juu ananyoosha mikono, anapinda kiuno, anafumba macho, anavuta pumzi. Mwisho analala chali juu ya mgongo wa farasi, kichwa kikiwa kwenye makalio ya mnyama. Situngi. Mwalimu ametuonyesha picha.

Bosi ni mama yule yule, bado anatembea na kijitabu chake. Anasema watu wa siku hizi hawataki kukimbizwa na farasi, wanataka kutulizwa, na kama sisi hatuwatulizi watatulizwa kwingine.

Farasi wa kazi hiyo lazima ajue kusimama. Siku ya kwanza mwalimu alipita banda hadi banda, akawatazama kwa mbali, halafu akanyoosha kidole: "Yule wa kijivu." Wa kijivu ni Shangazi. Tulimwita hivyo kwa sababu ukimpita asubuhi bila kumsalimia anakununia mpaka mchana.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Wageni hawampandi Shangazi tangu mwaka jana, tangu aliponiangusha nikavunjika mguu. Kwenye kijitabu cha bosi ameandikwa: anashtuka. Mwisho wa mwezi huu alikuwa anaondoka, mtu wa tanuri la matofali anamtaka avute mkokoteni. Ana miaka kumi na tisa, dada. Matofali yatammaliza kabla mwaka haujaisha.

Mwalimu aling'ang'ania ni huyu huyu. Bosi akafikiri, akasema: "Sawa. Tarehe thelathini, Jumamosi, nitaita wageni wanane waje waone. Huyu aliyeangushwa ndiye atakayempanda wa kwanza mbele yao, afanye mikao yote sita. Akimaliza salama, farasi anabaki. Asipomaliza, Jumatatu anakwenda kwenye matofali." Huyu aliyeangushwa ni mimi.

Nahitaji suruali laini ya kuvutika, isiyo na vifungo wala mifuko ya nyuma. Vipimo unavyo. Kiuno ongeza inchi moja, na usicheke. Mguu umepona kabisa, usiulize.

Ni mimi, mdogo wako

*

Chumba cha kushonea, 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Masikio ni yale yale. Kwenye simu nasikia mtu anaongea akiwa ndani ya ndoo, kwa hiyo endelea kuandika. Barua sihitaji kuambiwa mara tatu.

Habari ya yoga nimewasomea wenzangu hapa. Mama wa vifungo ameuliza kama na farasi ananyoosha mikono. Mkata vitambaa amesema yeye mume wake akilala chali tu kitanda kinalalamika, sembuse mnyama. Tumecheka mpaka kazi ikasimama. Ila waliposikia ni farasi gani wakarudi kwenye cherehani zao. Humu ndani Shangazi anaitwa "yule mwendawazimu", na jina hilo nimelianzisha mimi. Wiki zile ulipokuwa na plasta mpaka nyongani nilimlaani farasi huyo asubuhi na jioni. Leo unataka kulala juu yake ufumbe macho.

Suruali mpya nimeanza. Hii ya kazi nimetia viraka. Sasa nikuulize jambo, na usinizungushe.

Nawashonea watu wa banda lenu mwaka wa sita huu. Suruali ya mpanda farasi inalika kwa ndani. Kitambaa cha ndani ya paja na kando ya goti kinakonda, rangi inatoka, ukiinua dirishani unaona mwanga. Zako za zamani zilikuwa hivyo. Hii uliyoniletea imetoboka magoti kwa mbele, ni suruali ya mtu anayepiga magoti kusafisha kwato. Ndani ya paja ni mpya, kama imetoka kwenye jora juzi. Ile ya Desemba vilevile. Ya Septemba pia, nikaiona nikanyamaza.

Wewe hujapanda farasi tangu uanguke. Niambie nimekosea.

Dada yako

*

Mabandani, 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujakosea. Sikufikiria kwamba nguo ingenichongea.

Ni miezi kumi na minne. Naweka mguu wa kushoto kwenye kikuku cha tandiko, nashika vizuri, na mguu wa kulia haunyanyuki. Hauumi. Unabaki tu chini, na mimi nabaki nimening'inia pale natoka jasho. Basi nashuka, najifanya nilikuwa napima urefu wa kamba za kikuku. Nimezipima mara nyingi sana kamba hizo.

Kuficha hakukuwa kazi. Mimi ndiye msimamizi, mimi ndiye napanga zamu. Najipangia kwato, dawa, chakula, na mazoezi ya kamba ndefu, ambayo farasi anazunguka na wewe umesimama chini katikati. Kupanda nampa mwenzangu, yule mrefu uliyemshonea koti mikono ikamfika kwenye kiwiko. Yeye anaona namwamini mno. Juzi kanishukuru. Bosi hajui kitu. Msimamizi wa banda asiyepanda farasi atamweleza nani kazi yake ni nini? Hapa ndipo ninapoitwa mtu, dada. Funguo za chumba cha matandiko ziko kiunoni kwangu mwaka wa nane.

Mafunzo yameanza. Mwalimu amelaza pipa juu ya magogo mawili, kalifunga blanketi, ndiye farasi wangu. Juu ya pipa mimi ni fundi. Najua kukaa wima na kuvuta pumzi hadi tumboni. Najua kunyoosha mikono, kugeuka kulia na kushoto, kuinama mbele hadi kwenye shingo, ambayo kwa sasa ni ukingo wa pipa. Hata kulala chali najua. Mwenzangu ameniangalia akasema pipa limetulia kweli kweli.

Mwalimu mwenyewe simwelewi. Bosi anatuambia ana uzoefu wa miaka mitatu wa yoga ya farasi, lakini tangu aje hajamgusa hata mmoja. Anasimama hatua nne kutoka mlangoni, mikono nyuma. Nikimwambia njoo umshike Shangazi shingo mzoeane, anasema kwanza anaandika. Naona anatuonea kinyaa. Amezoea kumbi zenye mazulia, sisi tunanuka mkojo wa farasi. Simlaumu, ila inakera.

Zimebaki siku kumi na saba. Tafadhali usimwambie mtu yeyote.

Mdogo wako

*

Chumba cha kushonea, 17 Machi

Kwa mwalimu wa yoga, hapo mabandani

Salamu. Hatufahamiani. Mimi ni dada mkubwa wa msimamizi wa banda, huyo unayemfundisha juu ya pipa. Dereva wa lori nimemwambia akupe barua hii mkononi mwako na asimwonyeshe yeye. Ukimaliza kusoma uichane.

Mdogo wangu anaogopa kupanda. Amenikataza kusema, nami nasema. Tangu mguu uvunjike hajapanda farasi yeyote, na bosi wenu hajui.

Nimemlea tangu ana miaka minne, mama yetu alipofariki, kwa hiyo namjua. Usimwambie asiogope. Ukimwambia hivyo anakauka, hata umsukume haendi. Akiwa mdogo alikataa kuvuka mfereji nyuma ya shule. Nilimbembeleza wiki nzima bure. Siku moja nikampa bakuli la mayai nikamwambia ahesabu yasipungue, akavuka akiwa anahesabu, akaja kushangaa yuko ng'ambo. Ni mtu wa kupewa kazi ya kufanya. Mpe kitu cha kuhesabu.

Samahani kwa kujiingiza.

Mshonaji, dada yake

*

Mabandani, 20 Machi

Dada wa msimamizi,

Shikamoo. Barua nimeisomea nyuma ya ghala la majani na nimeichana.

Nilipofika pale uliposema anaogopa nilikaa juu ya robota la majani nikacheka peke yangu, si kwa ubaya. Na mimi naogopa. Naogopa farasi tangu utoto, hata wa kwenye picha nawaona wana meno mengi. Nimefundisha yoga miaka tisa, tena vizuri, ila ni kwenye kumbi, na miaka ya mwisho kwenye kituo cha wazee, wote wamekaa vitini. Kituo kikafungwa. Bosi wa hapa aliponiuliza kama nimewahi kufundisha juu ya farasi, mdomo ukasema ndiyo, miaka mitatu. Sijawahi hata kukaa juu ya punda. Nimetazama video. Shangazi nilimchagua kwa sababu nilipopita kwenye milango yote, yeye peke yake hakugeuza kichwa.

Wiki mbili na zaidi sasa sijamgusa. Mdogo wako ananiheshimu sana, akiniona nimesimama mbali anadhani ndio utaalamu wenyewe. Inaniumiza, maana ni mtu mwema.

Bosi ameamua kwamba siku ya wageni kamba nitashika mimi, anataka mtaalamu awe karibu na kichwa cha farasi. Nitajikaza. Ni dakika ishirini tu. Nakuomba nawe unifichie kama ninavyokufichia. Akijua kwamba anayemshikia farasi anatetemeka, hatapanda tena.

Hilo la kuhesabu nitalijaribu. Kumwambia asiogope siwezi, nitaanzia wapi.

Mwalimu

*

Mabandani, 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Suruali imefika na imenikaa. Mwenzangu anasema nina miguu ya kuku, nimemwambia asubiri yake.

Jana nimepanda.

Mwalimu hakuniambia nipande. Aliniambia nisimame kwenye ngazi, nilaze kifua mgongoni kwa Shangazi, nihesabu pumzi zake hadi hamsini, basi. Mwenzangu alishika kamba, mwalimu alikuwa hatua nne kama kawaida yake. Pumzi ya farasi ni ndefu, dada. Inaingia, unasubiri, mbavu zinakuinua, halafu inatoka. Nilipofika thelathini na moja nikagundua mguu wangu wa kulia uko upande wa pili. Sikumbuki kuunyanyua. Nikakaa, nikalia hapo hapo juu. Mwenzangu akageuka akaanza kuchunguza kufuli la mlango, nami nikamshukuru moyoni. Sasa anajua, na hajasema kitu.

Leo tumefanya mikao yote sita. Nilipolala chali nikasikia moyo wa Shangazi unapiga kwa chini, taratibu, moyo mkubwa. Alikuwa amelegeza mguu mmoja wa nyuma kama wanavyofanya wakisinzia. Mimi nimelala na macho nimefumba juu ya mnyama ambaye kila mtu hapa anaambiwa anashtuka, naye anasinzia.

Dada, lazima nikwambie. Shangazi hakuniangusha.

Asubuhi ile nilikuwa natandika huku napiga soga na dereva wa lori. Farasi ukimfunga mkanda wa tumbo anajaza pumzi, tumbo linakuwa pana, baadaye anaitoa na mkanda unalegea. Kila mtunza farasi anajua. Unamtembeza hatua chache, unarudi, unakaza mara ya pili. Mimi ndiye ninayewafundisha wengine kufanya hivyo. Siku hiyo sikurudi. Soga ilikuwa tamu. Kwenye kona tandiko likazunguka likaenda tumboni na mimi nikaenda nalo. Shangazi alisimama hapo hapo, akabaki ameinua mguu mmoja hewani asinikanyage. Bosi alipofika mbio nikamwambia farasi kashtuliwa na mfuko wa plastiki. Hapakuwa na mfuko.

Nilidhani ni neno la siku moja. Nilikuwa chini, mguu umepinda, naona aibu. Sikujua kwamba ataandikwa, halafu hapandwi, halafu mtu wa matofali. Na kila mwezi uliopita ukawa mgumu zaidi kusema.

Sasa naona njia imefunguka yenyewe. Jumamosi nitampanda, nitamaliza mikao, atabaki, na hakuna haja ya kufukua ya zamani. Wewe unaonaje?

Mdogo wako

*

Chumba cha kushonea, 27 Machi

Mdogo wangu,

Sipendi kuandika nikiwa na hasira, lakini lori linaondoka saa nane.

Miezi kumi na minne umemwachia mnyama kosa lako kwa kuwa hana mdomo wa kujitetea. Mimi nikakusaidia kumtukana. Watu sita humu wanamwita mwendawazimu. Leo asubuhi mama wa vifungo kaniuliza mwendawazimu anaendeleaje na yoga, nikamwambia tuna kazi nyingi.

Umepanda, na nimefurahi kwa hilo, sitakuficha. Nilifurahi nikaenda kunawa uso. Halafu nikasoma ukurasa wa pili.

Unaniuliza naonaje. Nimekufunga viatu, nimekufundisha kusoma, jana tu nimekushonea suruali. Una miaka arobaini na miwili. Hili sikufanyii.

Dada yako

*

Mabandani, 31 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ndoo, kwa sababu chumba cha matandiko hakiko tena mikononi mwangu. Utaona kwa nini.

Jana mvua ilinyesha tangu asubuhi, kwa hiyo wageni waliwekewa viti chini ya paa la uwanja wa mazoezi. Wanane walifika wote. Nilikuwa nimeisoma barua yako mara nne. Nilijiambia nitamaliza kwanza, farasi aokoke, halafu nitatafuta wakati wa kumwambia bosi. Najua unavyosikia maneno hayo. Hata mimi nilikuwa nayasikia hivyo hivyo.

Mwalimu alishika kamba. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili, chini kabisa ya kidevu cha farasi, namna ambayo hatumfundishi mtu. Nilishangaa, nikadhani ndivyo wanavyofanya wataalamu. Nikapanda. Mguu ulikuja wenyewe. Nikafanya mkao wa kwanza hadi wa tano, wageni kimya, mvua inapiga bati. Nikalala chali kwa ule wa sita.

Paa letu linavuja, unalijua. Mama mmoja wa mstari wa mbele alidondokewa na maji, akafungua mwavuli. Ulifunguka kwa kishindo. Nilihisi Shangazi anainua kichwa, basi, akakishusha. Halafu nikasikia mtu anakimbia, nikadhani ni mgeni. Sauti niliyosikia baadaye ilikuwa ya bosi: "Inatosha. Nimeona kwa macho yangu. Kama mtaalamu wa miaka mitatu anaachia kamba na kukimbia, mimi ni nani nimwamini farasi huyu? Mteremsheni. Jumatatu anaondoka."

Mwalimu ndiye aliyekuwa amekimbia. Alikuwa amejibana ukutani. Kamba ilikuwa imelala chini mchangani na hakuna aliyemshika Shangazi, naye hakusogeza hata ukwato mmoja.

Sikuinuka. Niliona mabati, na msumari mmoja uliochomoza, nikasema, "Bosi, huyu hakuniangusha mwaka jana." Nikaendelea kabla ujasiri haujaniishia. Mkanda, soga, kukaza mara moja, mfuko ambao haukuwepo. Nikasema pia kwamba tangu siku ile hadi juzi sikupanda farasi yeyote na kwamba zamu nilizipanga makusudi. Nilisema yote kwa sauti, maana mvua ilikuwa kubwa. Nilipomaliza nikabaki nimelala, sikujua la kufanya na mikono.

Mzee mmoja katika wageni akauliza, "Kwa hiyo farasi ni mzima, mgonjwa ni huyu?" Wengine wakacheka. Halafu mwalimu akasema kule ukutani, "Na mimi sina miaka mitatu. Sina hata siku tatu. Hakuna alichonifanyia, nimemkimbia bure."

Bosi akasema, "Teremka." Nikateremka. Akaagiza tandiko, akafunga yeye mwenyewe. Akamtembeza Shangazi hatua kumi, akarudi, akakaza mkanda mara ya pili, na wakati wote huo alikuwa ananitazama mimi. Akawaambia wageni wenye miavuli wote wafungue kwa pamoja akipita. Bosi ana magoti mabovu, sikumbuki lini mara ya mwisho kumwona juu ya farasi. Akazunguka mara tatu, moja ya kutembea, mbili za mwendo wa kasi, mpaka nje kwenye mvua na kurudi. Miavuli mitano ikafunguliwa usoni mwa Shangazi, na Shangazi akatupita kwa dharau ile yake ya kila siku. Bosi akashuka, akatoa kijitabu, akafuta mstari.

"Anabaki," akasema.

Kisha akaninyooshea kiganja. Sikuelewa mpaka alipotazama kiunoni kwangu. Nikafungua funguo nikampa, naye akampa mwenzangu. Akasema, "Kuanzia kesho wewe ni mtunza farasi kama wengine, na zamu zako atakupangia huyu. Kwa nini sikufukuzi sijui. Usiniulize leo."

Mwalimu ameambiwa atapewa darasa siku atakayoweza kumzungusha Shangazi uwanja mzima peke yake. Leo asubuhi alikuja mapema, akampiga brashi begani akiwa amenyoosha mkono wote, mwili uko mlangoni. Nilimwambia asogee. Akasogea nusu hatua. Nikamwambia kwamba wiki zote hizi nilidhani anatuonea kinyaa, akasema yeye aliionea kinyaa nafsi yake.

Mwenzangu ameandika zamu yake ya kwanza. Amenipangia kupanda kila asubuhi, farasi watatu. Hakutaka maneno mengi, aliibandika tu ukutani akaenda zake. Sijui wewe utanionaje.

Mdogo wako

*

Chumba cha kushonea, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwanzo hadi mwisho mbele ya watu wote humu, pamoja na ule mkanda. Sikuruka mstari. Nilianzisha jina mbele yao, nikaona nilifute mbele yao. Mkata vitambaa kasema alijua tangu mwanzo kwamba farasi hana kosa, ambao ni uongo, lakini nimemwacha. Mama wa vifungo kasema angekuwa yeye bosi angekufukuza. Nikamwambia na mimi pia, halafu machozi yakanitoka, wakanizimia cherehani.

Na mimi nina langu. Nilijua mwalimu anaogopa. Aliniandikia tarehe ishirini, baada ya mimi kumwandikia kwa siri kuhusu wewe, nawe ulikuwa umenikataza. Nilijua kamba atashika yeye. Ningekuambia, ungeweka mtu mwingine pale, na bosi asingesema yale aliyosema. Nikanyamaza kwa kuwa niliona siri ya mtu haifai kutolewa, ingawa yako nilikuwa nimeshaitoa. Nilikuandikia barua ya hasira wakati nimekalia la kwangu. Unisamehe.

Miaka yote hii mtu akiniuliza habari zako nasema, mdogo wangu ni msimamizi wa banda la farasi. Nilikuwa nalisema kwa kuinua kidevu, watu wananijua. Jana mteja ameniuliza tena. Nikasema, mdogo wangu anatunza farasi. Kidevu kilikuwa juu vilevile, nimejichunguza kwenye kioo cha wateja.

Kuna jambo moja tu limenibaki. Bosi wako ulimwambia ukiwa umelala chali, macho kwenye bati. Mimi umeniambia kwa barua. Nakuja Jumamosi na lori, nimeshaongea na dereva. Utaniambia tena, yote, pole pole na kwa sauti kwa ajili ya masikio yangu, na utaniambia ukiwa umesimama unanitazama.

Dada yako